Mke wangu anataka tuhamie kwenye pagale, mimi fundi naona aibu

Shikamoo mama.

Mimi ni mwanaume wa miaka 44, fundi mwashi hapa Dar es Salaam. Naomba usitoe jina langu, maana mafundi wenzangu wanapitia safu hii wakati wa chai na wakinijua watanitania saiti mpaka mwaka uishe.

Nilikuja mjini kijana nikitokea Mahenge, nikaanza kama saidia fundi, kubeba tofali na kukoroga zege. Leo nachukua nyumba kuanzia msingi hadi kupaua. Nimejenga Goba, Madale na Bunju, na nyingine katika hizo siku hizi siwezi kuingia mpaka mlinzi apige simu ndani kwanza.

Nina mke na watoto watatu. Tumepanga vyumba viwili Tandika. Binti mkubwa yuko kidato cha tatu, wa kati darasa la pili, mdogo ana miaka minne. Mama watoto anachoma vitumbua barazani kila alfajiri, wateja wake ni wanafunzi, bodaboda na watu wanaowahi daladala.

Mwaka 2016 nilinunua kiwanja Chanika, wakati huo kwetu kule ni mikorosho mitupu. Siku nisizo na kazi nilikuwa nakwenda kufyatua tofali mwenyewe. Mfuko mmoja wa simenti nilitoa tofali 30 za inchi sita, siyo zile za barabarani ambazo ukiishusha kwenye gari inabaki mchanga. Pole pole kuta zimesimama, lenta imepita, na mwaka juzi nimepaua kwa bati la geji 28. Vyumba vitatu na sebule. Jamvi, yaani sakafu ya zege, nimemwaga vyumba viwili. Madirisha ni matundu, milango hakuna, plasta hakuna. Shimo la choo limechimbwa ila halijafunikwa. Nguzo ya umeme iko karibu, maji tutanunua kwenye kisima cha jirani.

Sasa shida. Kodi yetu inaisha mwisho wa Septemba. Mwenye nyumba amepandisha kutoka 80,000 hadi 100,000 kwa chumba, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,200,000. Mama watoto amekataa katakata. Anasema pesa hiyo ni milango na madirisha, tuhamie hivyo hivyo, mengine tutamalizia tukiwa ndani. Kikoba chao kinavunjwa mwezi huo huo, mgao wake ni kama laki tisa, na anasema ataiweka yote kwenye nyumba.

Mimi sitaki. Kwanza mimi ni fundi. Najua wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini kusikia methali ni tofauti na kulala ndani yake. Mteja akijua fundi wake analaza watoto kwenye tofali tupu, atanikabidhi milioni zake kwa imani gani? Pili ni hiyo hela ya kikoba. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye alikuwa shahidi siku ya kununua kiwanja, ameniambia mke akishatia hela yake kwenye nyumba, kesho mkikosana anakwambia toka. Mke wangu simjui hivyo, ila neno limeniingia. Tatu, kazi zangu ziko Goba na Madale. Nikiishi Chanika nitatoka usiku na kurudi usiku, na goti la kulia limeanza kunisumbua nikipanda jukwaa.

Kuna na jambo jingine. Bosi ninayemjengea Goba anaishi nje ya nchi. Ameniambia nihamishie familia kwenye banda la uani, vyumba viwili, bure, tumwangalizie mali yake mpaka arudi. Mimi niliona Mungu amejibu. Nilipomweleza mama watoto alinyamaza siku nzima, halafu akasema, "Mimi sikuolewa niwe mlinzi wa watu." Tangu siku hiyo tunaongea habari za watoto tu.

Mimi mpango wangu ni kulipa kodi, tuvumilie. Kuna bosi mwingine ana milioni mbili yangu tangu Mei. Akinilipa napiga plasta, naweka madirisha, tunahamia kwa heshima. Mama, nilipe kodi, nihamie pagale, au niende Goba?

Fundi, Tandika

*

Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma taratibu, nikarudia ile sehemu ya tofali 30 kwa mfuko. Mtu anayefyatua tofali namna hiyo wakati hakuna mteja wa kumkagua, nyumba yake anaitaka iwe sawasawa, na nimeanza kuelewa kwa nini neno pagale linakuuma.

Nilivyokuelewa, mmefika njia panda kwa sababu ya tarehe. Mwisho wa Septemba lazima pesa itoke, na wewe na mama watoto mnaiona pesa ile ile kwa macho tofauti. Wewe unaona miezi sita ya kupumua. Yeye anaona milango yake ikienda kwa mwenye nyumba. Katikati pamekaa kaka yako na neno lake, pamekaa banda la Goba, na pamekaa ukimya ambao umeniandikia kwa sentensi moja tu wakati mimi nadhani ndio umekufanya ushike simu kuandika.

Tuanze na aibu, kwa kuwa wewe umeiweka ya kwanza. Hebu nitajie atakayekucheka ni nani. Wateja wako wako Goba, Madale na Bunju. Je, kuna hata mmoja aliyewahi kuuliza unalala wapi kabla hajakupa kazi? Wengi wanampata fundi kwa kuonyeshwa nyumba aliyojenga: wanaangalia kona kama zimenyooka, wanauliza kama hakukimbia na pesa ya simenti. Huko Chanika nako, majirani zako walio wengi walihamia na matundu ya madirisha yamezibwa kwa tofali, wakapiga plasta chumba kimoja kimoja kila pesa ilipopatikana. Ukifika utakuwa mmoja wao, na nisishangae wiki ya pili ukaanza kuitwa kwenda kumalizia za kwao. Wanaobaki ni mafundi wenzako wa saiti. Hao watakutania, ni kweli. Wangapi kati yao wamepaua?

Sisemi aibu yako ni ya uongo. Mwanaume aliyetumia mikono yake miaka yote kwa ajili ya sebule za wengine ana haki ya kutamani siku moja afungue mlango wa kwake wenye vitasa. Ninachokuuliza ni kama hiyo siku lazima iwe ya kwanza kulala pale, au inaweza kuja mkiwa ndani.

Sasa neno la kaka yako. Hapa naomba unisikilize vizuri maana kuna mambo ya sheria ndani yake, na watu wengi wanayajua nusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya familia, hata ikiwa imeandikwa jina la mmoja, huyo mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Na ndoa ikivunjika, mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja katika mali waliyochuma pamoja. Mchango huo si fedha peke yake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo, kwa sababu nyingine za shauri lile, lakini msingi uliowekwa unatumika mpaka leo.)

Maana yake kwako ni nini? Ni kwamba ukizikataa laki tisa za kikoba, hujamwondoa mama watoto kwenye ile nyumba. Alishaingia zamani. Wakati wewe unanunua bati la geji 28, chai ya watoto ilitoka wapi? Daftari, sare, nauli ya binti? Umeniandikia vitumbua kwa mstari mmoja, kama mtu anayetaja rangi ya mlango, lakini mimi nikipiga hesabu naona kila mfuko wa simenti uliofika Chanika ulifika kwa sababu kuna pesa nyingine ilikuwa inashika nyumba Tandika. Vilevile ukizipokea, sheria haimpi funguo ya kukwambia toka. Hofu ya kaka yako haina mguu upande wowote. Huenda yeye ana kisa chake, amewahi kuona au kuumizwa, na ukimuuliza kwa upole atakusimulia. Lakini kisa chake si cha mkeo, na wewe mwenyewe umesema humjui hivyo.

Nikuulize na hili: ile karatasi ya mauziano ya kiwanja, mama watoto amewahi kuishika? Anajua imehifadhiwa wapi? Kaka yako alikuwepo siku ya kusaini, yeye je? Ukiona jibu linakupa kigugumizi, basi tumegusa kitu kikubwa kuliko plasta. Mwanamke anayeona umri unakwenda na kila baada ya miezi sita kodi inapanda, anaweza kuwa na haraka ya kuhama kwa sababu hajawahi kusikia mtu akimwambia waziwazi, "Hapa ni petu."

Tuje kwenye njia zako tatu. Nitazipitia, lakini hesabu ya vifaa siwezi kukufundisha mimi.

Kulipa kodi. Faida yake kubwa ni binti. Januari anaingia kidato cha nne, na Novemba yake kuna mtihani wa taifa. Kumhamisha shule mwaka huo ni jambo la kufikiria mara mbili, na kumtoa Chanika kila alfajiri kwenda shule ya Tandika, na tabia ya makonda kuwakimbia wanafunzi, unaweza kumchosha kabla hajafungua daftari. Vitumbua navyo vina wateja wake hapo. Hatari yake ni kwamba mpango huu umesimama juu ya mguu wa mtu mwingine. Umesema bosi fulani akikulipa milioni mbili utapiga plasta. Akikulipa. Tangu Mei hajakulipa. Kama Machi inafika hujalipwa, mvua za masika zinaanza, kazi zinapungua kama kila mwaka, mwenye nyumba anadai milioni nyingine, na mama watoto anakuangalia. Siku hiyo utamwambia nini? Jaribu pia kumwuliza mwenye nyumba kama atakubali ya miezi mitatu. Wapo wanaokubali wakiona mpangaji ni wa siku nyingi na halewi. Hiyo inawafikisha Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na watoto wanaweza kuanza mwaka kokote mtakakokubaliana.

Kuhamia Chanika. Kodi na kikoba mkiviunganisha ni kama milioni mbili na laki moja. Wewe ndiye unayejua hiyo inafika wapi. Nyumba nzima haifiki, najua. Lakini vyumba viwili vyenye jamvi, mlango wa nje unaofungika, madirisha mawili yenye grili na nyavu za mbu, na choo? Mengine uzibe kwa tofali bila udongo, kama ulivyowahi kuwafanyia wateja wako wenyewe. Ukiona inawezekana, hayo ndiyo ya kufanyika kabla mtoto hajakanyaga pale, na la kwanza kabisa ni shimo la choo. Lifunikwe kwa zege. Mtoto wa miaka minne kwenye uwanja wenye shimo wazi hana wiki mbili. Ukiona haiwezekani, mama watoto anastahili kuonyeshwa kwa bei, kitu kimoja kimoja, badala ya kuambiwa "sitaki." Vuli inaanza Oktoba, na tundu la dirisha lililofungwa kwa turubai halizuii mvua ya upepo, hilo unalijua kuliko mimi.

Hatari nyingine ya Chanika ni wewe kutokuwepo. Mafundi wengi wa mbali hulala saiti, wakarudi Jumamosi. Goti lako litashukuru, lakini mama watoto atakuwa peke yake na watoto watatu kwenye nyumba mpya, mtaa ambao hajazoea, labda umeme bado. Je, amelifikiria hilo? Labda ana jibu. Inawezekana ana rafiki wa kikoba anayeishi njia hiyo, inawezekana ameshakwenda kuangalia kituo cha bodaboda atakapouza. Sijui, na kwa barua yako inaonekana na wewe hujui.

Goba. Nakubali kwa mtu anayepanda jukwaa na goti bovu, kuamka na kutembea hatua chache hadi kazini ni neema. Lakini neno "bure" lichunguze. Kulinda mali ni kazi, na kazi ina mshahara, hata kama utalipwa kwa chumba. Nondo zikipungua, au mifuko ya simenti ikihesabiwa ikakosekana, wewe utakuwa fundi na mlinzi kwa wakati mmoja, na wa kwanza kuulizwa. Bosi akirudi, au akiuza, mtatoka kwa notisi ya siku ngapi? Kama utaifikiria njia hii, maelewano yawe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unaoeleza muda, notisi, na vitu ulivyokabidhiwa. Usimpelekee mama watoto habari ya banda kabla hujawa na majibu hayo.

Na kuhusu alivyokujibu. "Sikuolewa niwe mlinzi wa watu." Umelichukua kama dharau, nadhani, kwa namna ulivyoandika. Mimi nikilisoma nasikia mtu aliyetoka kukuambia, nina laki tisa, nataka kuziweka kwetu. Hakujibiwa. Kilichofuata ni habari ya kwa mwingine. Sikiliza kama ndivyo. Huenda nimekosea, yeye ndiye wa kuulizwa.

Kama nyumbani hapazungumziki kwa kuwa watoto wako chumba cha pili, chagua Jumapili moja mwende Chanika wawili tu, binti abaki na wadogo zake. Usiende na hoja. Nenda na futi kamba na kalamu. Muulize angeanza na chumba kipi, na jiko la vitumbua angeliweka upande gani, na nani atanunua. Mueleze na wewe kinachokuuma, pamoja na neno la kaka, maana neno kama hilo ukilificha huwa linatoka siku mbaya kwa sauti mbaya. Mwambie na habari ya goti. Nina wasiwasi anajua unachechemea lakini hajui unaogopa.

Hilo goti, baba, lisisubiri plasta. Nenda ukaonwe hospitali ungali unatembea. Na ukiwa unapita mjini, ingia ofisi ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, uulize uchangiaji wa waliojiajiri. Mafundi wengi wanadhani ni ya wenye ajira, kumbe hata wewe unaruhusiwa kujiandikisha na kuchangia mwenyewe. Hakuna bosi wa Bunju atakayekukatia mafao ukishindwa kupanda jukwaa.

Mkishindwa kukubaliana hata baada ya kwenda pamoja, tafuteni mtu mzima mmoja ambaye nyote mnamheshimu, na asiwe kaka yako, kwa sababu ameshatoa upande. Kama mlifungishwa ndoa msikitini au kanisani, wapo wazee wa kazi hiyo. Kuna na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, watu hawaipendi kwa kuwa wanadhani ni ya talaka, lakini wanasuluhisha na ya kawaida pia.

Sitakwambia uhame wala ubaki. Nyumba ni ya watu wawili na mimi nimesikia mmoja. Mama watoto akitaka kuniandikia upande wake, barua yake nitaipokea, na jina lake nitalificha kama nilivyolificha lako.

Yule bosi wa milioni mbili mtumie ujumbe leo, kabla ya Jumapili, umtajie kazi uliyofanya, kiasi, na tarehe unayoomba alipe. Akijibu lolote, hata "nitakuangalizia," lihifadhi usilifute.